Bingwa wa Masinki na Jiwe la Mkewe

Katika hoteli ile ya vyumba arobaini hakuna aliyemwita kwa jina lake. Meneja, wapishi, hata walinzi wa getini walimwita Bingwa, na mgeni aliyeuliza bingwa wa nini alichukuliwa mpaka bafuni akaonyeshwa. Kwa miaka ishirini na sita alikuwa akisafisha masinki na meza za mawe zinazoyabeba. Ungeweza kumfunga macho, ukamsogeza hadi mezani, naye angepitisha kiganja na kukwambia hii ni marumaru, hii graniti, na hii ni plastiki iliyopakwa rangi ili imdanganye mwenye haraka.

Kila Jumatatu saa nne asubuhi alifundisha. Darasa lilikuwa chumba cha kufulia, viti vya plastiki vimepangwa mbele ya mashine, na mezani vipande vya kila aina ya sinki na jiwe lililomo hotelini. Mlango ulikuwa wazi kwa yeyote anayetafuta kazi ya usafi, ameajiriwa au hajaajiriwa, kwa kuwa humo ndimo meneja alimochagulia watu wake.

"Kauri ni mvumilivu," angeanza. "Lakini msugue kwa waya wa chuma leo, kesho uchafu umepata pa kushika. Chuma cha pua mfuateni mistari yake. Ukimpinga atabaki na mikwaruzo, na ukimlaza na dawa ya klorini usiku kucha, asubuhi ana madoa. Graniti mdondosheeni tone la maji. Likikaa juu, mwacheni. Likizama na kuacha weusi, anaomba dawa ya kuziba vitundu."

Halafu angenyanyua kile kipande cheupe chenye mishipa ya kijivu, akakishika kama anayepokea mtoto mchanga.

"Na huyu ni marumaru. Huyu hataki ukali. Limau, siki, dawa ya choo, vyote vinamla uso. Maji ya vuguvugu, sabuni laini, kitambaa kikavu, basi. Atakayemgusa marumaru kwa limau, mimi na yeye hatujuani."

Wala hakuwa anatania. Aliwahi kumfukuza darasani kijana mzima na ndevu zake kwa sababu ya nusu limau.

Sasa tuingie nyumbani kwake, maana huko ndiko mambo yalikokuwa yameharibika. Bafu lenyewe lilikuwa dogo, na mlango wake haukufunguka bila kusukumwa kwa bega. Lakini sinki ya humo ilikaa juu ya marumaru ya kweli. Miaka kumi na moja iliyopita hoteli ilipokuwa ikikarabatiwa, bamba moja lilivunjika pembe wakati wa kuteremshwa, na meneja akasema litupwe. Bingwa akaliomba. Alilisukuma mwenyewe kwa mkokoteni, limetandikiwa magunia, akisimama kwenye kila shimo la barabara. Mwashi akakata pembe mbovu, akalipachika ukutani.

Mkewe, mshonaji wa sare za shule, alisimama mlangoni akaangua kilio. "Mimi? Marumaru? Mimi huyu?" Mwanamke yule maisha yake yote alikuwa hajapewa kitu bila kukiomba mara mbili.

Jumamosi iliyofuata aliamka mapema kuliko mumewe. Akakata limau, akalichovya kwenye majivu yaliyochekechwa, kama mama yake alivyong'arisha masufuria ya shaba, akalisugua jiwe mpaka jasho likamtoka. Kisha akaita: "Baba watoto! Njoo uone! Wewe na hoteli yako yote, nani mkali?"

Bingwa akaja. Jiwe lilikuwa bado bichi, na jiwe bichi hung'aa hata likiwa limeharibika. Alijua likikauka litakuwaje. Akafungua kinywa. Akamtazama mkewe, mikono imejaa majivu, uso umefunguka kwa furaha, akakifunga.

"Wewe ndiye mkali," akasema.

Mchana mkewe alipokwenda kwa dada yake, Bingwa alijifungia bafuni na kopo la unga wa kung'arishia. Akalisugua jiwe kwa kitambaa chenye unyevu, duara kwa duara, saa nzima, mpaka bega likawaka moto. Jioni mkewe akarudi, akapitisha mkono juu ya jiwe. "Umeona? Limau halina mpinzani. Likikauka ndiyo linazidi!"

Basi ikawa hivyo kila Jumamosi. Asubuhi mke anaharibu, mchana akienda kwa dada yake mume anatengeneza. Mkewe akaanza hata kuwashauri majirani, akiwa amesimama mikono kiunoni kama mkufunzi. Bahati nzuri hakuna jirani aliyekuwa na marumaru, na mabakuli yao ya bati hayakudhurika.

Kwa nini hakusema? Wiki ya kwanza alichelea kumvunja moyo. Wiki ya pili akaona haya kwa ajili ya wiki ya kwanza. Mwaka ulipotimia, utaanzia wapi? Uongo mdogo ukiulisha kila Jumamosi unanenepa, hautoki tena mlangoni. Na mimi nasema kulikuwa na jambo jingine ambalo yeye mwenyewe hakulikiri. Aliipenda ile saa yake ya siri. Ilimfanya ajione mume mwema bila kuulizwa chochote.

Mganga hajigangi, lakini dada wa mganga anaweza kumwumbua. Bingwa alikuwa na dada yake mdogo, aliyefiwa na mume mwaka uliopita na sasa anatafuta kazi. Mwanamke mchangamfu, mwenye moyo safi na mdomo usio na breki. Jumatatu moja aliketi darasani kwa kaka yake, akasikiliza kila neno. Jumamosi yake akaja nyumbani kusalimia, akamkuta wifi yake bafuni amekunja mikono ya gauni, limau mkononi.

"Wifi! Unaliua jiwe la kaka!"

Mke wa Bingwa akacheka. "Jiwe hili nalitunza hivi miaka kumi na moja, wifi yangu. Litazame lilivyo."

"Haiwezekani. Kaka ametufundisha Jumatatu hii hii. Marumaru ikiguswa na limau uso unaliwa, haing'ai tena mpaka irudishiwe mng'ao kwa unga." Akainama, akafungua kabati la chini ya sinki, akachakurachakura nyuma ya ndoo na makopo ya rangi, akaibuka na kopo la unga. "Si huu hapa? Basi kuna mtu anapita nyuma yako, wifi, anakufutia..."

Hapo akasikia maneno yake mwenyewe, akalirudisha kopo kabatini. Bingwa alikuwa ametokea uani alikokuwa akigonga misumari kwenye kiti, amesimama mlangoni na nyundo. Dada yake akaaga haraka, hata chai hakungoja.

Mkewe akaketi juu ya ndoo iliyogeuzwa. Akauliza, "Ni kweli?"

"Ni kweli."

"Tangu lini?"

"Tangu Jumamosi ya kwanza. Nilikuona umefurahi, mama watoto. Sikutaka kukuvunja moyo."

"Umefundisha watu wangapi pale hotelini?"

"Sijui. Mia mbili. Labda zaidi."

"Mia mbili. Watoto wa watu usiowajua, ukawaambia ukweli siku ya kwanza, na wengine ukawafokea. Mimi ukanivika kilemba cha ukoka miaka kumi na moja." Sauti yake haikupanda, na hilo ndilo lililomtisha mumewe. "Nimesimama mbele ya majirani nikifundisha ujinga wangu, na wewe upo hapo unatabasamu. Uliona mimi sifundishiki?"

Bingwa, aliyekuwa na jibu la kila doa, akaiweka nyundo chini.

Tangu siku hiyo mkewe hakuitumia tena ile sinki. Alinawia bombani uani. Alipiga mswaki uani akiwa amesimama, kikombe mkononi, wapita njia wakimsalimu naye akiitikia kwa heshima. Chakula alipika, shati la mumewe alilipiga pasi, swali alilijibu. Lakini alipita mbele ya mlango wa bafu kama anayepita nyumba ya watu.

Siku ya tatu Bingwa akajaribu kuomba radhi kwa njia anayoijua. Alilisugua jiwe mpaka ungeweza kujitazama ndani yake, akauacha mlango wazi ili mkewe alione. Mkewe akaja, akaona, akavuta mlango akaufunga. Bingwa akabaki ukumbini na kitambaa chake, na ndipo akili ikamrudia. Alikuwa amefanya kosa lile lile, kutengeneza mambo nyuma ya mgongo wa mtu badala ya kusema naye.

Hasira angeivumilia. Kilichomkosesha usingizi ni kuwaza kwamba pengine mwanamke huyu hatamwita tena. Miaka yote ya ndoa yao alikuwa amemwita aje aone hiki na kile, sare iliyokaa vizuri mabegani, ndege dirishani, mwezi umeandama. Sasa siku ya nane inapita, na hakuna aliyesema njoo uone.

Jumapili jioni alimsogelea penye cherehani. "Nilikosea," akasema. "Nilidhani nakulinda. Kumbe nilikudharau, na sikujua kama ni dharau."

Mkewe alikuwa anatunga uzi kwenye sindano. Alitunga mpaka ukapita. "Nimesikia," akasema, akakanyaga cherehani.

Kesho yake saa nne darasa lilijaa, vijana kwa wazee. Bingwa alikuwa amegeukia meza akipanga vipande vyake aliposikia kiti cha mbele kikivutwa. Alipogeuka, mkewe alikuwa ameketi hapo, amevaa viatu vyake vya safari, daftari jipya mapajani na kalamu tayari. Kule nyuma dada yake alijifunika uso kwa mikono miwili.

Akaanza somo. Akasema ya kauri, akasema ya chuma cha pua, akaenda graniti, na kutoka hapo akarukia meza za mbao.

"Mwalimu," mkewe akaita. "Mbona umeruka moja? Sisi wengine marumaru ndiyo tuliyo nayo nyumbani."

Darasa likamgeukia. Bingwa akakinyanyua kipande cheupe, akaeleza kila kitu tangu mwanzo. Hakufoka. Alipomaliza aliomba mtu mmoja aje mezani ajaribu unga na kitambaa, na kabla hajamchagua yeyote mkewe alikuwa amekwishasimama.

Akaanza kusugua. Mkono wake ulikuwa ule ule wa Jumamosi, mzito, wa kupambana na masufuria. Bingwa alitazama. Alijua angeweza kusema "vizuri sana" na watu wote wakaridhika.

"Hapana," akasema. "Unakandamiza mno. Legeza mkono."

Nyuma yao mashine moja ilikuwa ikizungusha mashuka. Mkewe akainua macho akamtazama, kwa muda mrefu kuliko ilivyo desturi mbele za watu. Kisha akalegeza.

"Hivi?"

"Bado. Acha kitambaa kifanye kazi."

"Hivi?"

"Hivyo," akasema Bingwa. "Hivyo hivyo."

Mkewe akazungusha duara kwa duara mpaka mng'ao ukajitokeza pale pale chini ya vidole vyake, akarudi kitini akijifuta mikono. Bingwa akauliza kama kuna swali, kama anavyouliza kila Jumatatu. Mkono mmoja tu ukanyooshwa.

"Mimi ninalo," akasema mkewe. "Ukimwona mtu unayempenda anakosea, unamwambia siku ya ngapi?"

Wanafunzi wakatazamana. Mmoja akafungua kitabu cha maelezo ya dawa, akidhani jibu limo humo.

"Siku hiyo hiyo," akasema Bingwa.

"Hata kama amefurahi?"

"Hata kama amefurahi."

Mkewe akainamia daftari, akaandika taratibu majibu yote mawili, mstari mmoja kisha wa pili. Alipomaliza akasimama, akamwekea daftari mkononi.

"Njoo uone," akasema. "Na nikikosea, nisahihishe."