Mkono wa Mwalimu wa Kwaya

Kati ya mwaka 2012 na 2015 nilipasuliwa bega mara mbili, bega lile lile la kulia, na mara zote mbili nilirudi Kibondo na karatasi inayosema nimepona.

Lilitoka mara ya kwanza nilipoanguka na bodaboda nikitokea Kasulu. Baada ya hapo likawa linatoka lenyewe, nikivaa koti, nikifunga dirisha, nikijigeuza kitandani. Katika hospitali ya mbali, siku mbili kwa basi, walinitoboa matundu madogo matatu, wakapitisha kamera nyembamba kama kalamu, wakashona kano zilizolegea. Daktari akaniagiza nisinyanyue vitu vizito. Hakuniuliza kazi yangu, nami sikumwambia kwamba nafundisha kwaya. Nani anaihesabu kwaya kuwa kitu kizito?

Kwaya ndiyo pekee iliyonifanya nitulie Kibondo. Kasulu nilishahama mara tatu, Buhigwe mara mbili. Kuimba sijui, nakiri sasa. Sauti yangu inafaa kuitia mbuzi. Lakini nilikuwa na mkono. Nikiuinua, watu thelathini walivuta pumzi kwa pamoja.

Jumapili moja, mwaka mmoja baada ya upasuaji, tukiwa ubeti wa tatu, niliurusha mkono juu kuwaita wanawake wa sauti ya kwanza, bega likachomoka. Mkono ukaanguka. Kwaya niliyoifundisha kutii mkono na si kitu kingine ikanyamaza katikati ya neno. Kanisa zima likatulia, kisha vikapigwa vigelegele. Wageni wa kwaya moja ya Kasulu walinifuata nje, nimejikunja kwa maumivu.

“Mwalimu, huko kukata wimbo umejifunzia wapi?”

Baada ya miezi michache nao wakawa wanakata, kwa makusudi.

Msaidizi wangu, mama mmoja muuza maharage sokoni, hakudanganyika. Alinifunga kitenge shingoni ili kiubebe mkono, akasema, “Bega lako limekuiga, mwalimu. Halikai mahali.”

Nikarudi kwa daktari. Akaniambia safari hii atakaza zaidi, ila upasuaji wa marudio huwa hauna uhakika kama wa kwanza.

“Kwani wa kwanza ulikuwa na uhakika?”

Akanisogezea karatasi nisaini.

Miezi sita mkono ulikaa kifuani au kwenye mazoezi ya kupandisha vidole ukutani, na yule mama akashika kwaya. Siku niliyorudi, wote walisimama kunipokea. Nikainua mkono. Ukafika usawa wa kidevu, ukagoma. Wanakwaya wakavuta nusu pumzi, wakasubiri.

“Mwalimu, tuanze,” akauliza mzee mmoja wa besi, “au unajikuna?”

Nikacheka nao. Nikajaribu mkono wa kushoto. Wanaume wa sauti ya tatu wakaingia mahali pa besi, besi wakakasirika. Yule mama akanigusa kiwiko.

“Kaa kidogo, baba, upumzike.”

Kila mtu alielewa urefu wa hiyo kidogo. Yeye hakuinua hata kidole. Aliongoza kwa nyusi na kidevu, na waliimba vizuri kuliko walivyowahi kuniimbia mimi. Nilikaa kwenye benchi nikitafuta kosa, sikulipata.

Nilipoitwa kukaguliwa, daktari alikuwa na fomu. Limetoka tena? Halijatoka. Linauma? Kidogo, asubuhi za baridi. Umerudi kwenye shughuli zako?

“Nipo kwaya,” nikasema.

Akaweka alama ya vema, na chini akaandika: matokeo mazuri. Kwa upande wa bega, sikuwa na la kumpinga.

Nikaimba besi. “Mmoja huko nyuma sauti inampanda,” yule mama alikuwa akisema, akiwatazama wote kwa adabu ili asinitazame mimi. Nilivumilia hadi maharage yalipovunwa. Kisha nikafungasha, nikaenda stendi kusubiri basi la Nyakanazi. Kondakta alitaka kunisaidia begi. Nikamwambia aache, nikalipandisha mwenyewe kwa mkono wa kulia, bila maumivu yoyote.