Firigisi ya Mama Mkwe Ilivyonikaba Jukwaani

Chekeni tu, mimi nimeshazoea, maana hapa Kolwezi kuna mama mmoja muuza kuku sokoni ambaye kila akiniona anapita anafunika bakuli lake la nyama za ndani kwa mikono miwili, na wateja wanaangua kicheko, na mimi najifanya nimepigiwa simu. Mtu mzima, baba wa watoto, karani wa ofisi Jumatatu hadi Ijumaa na mwandishi wa michezo ya kuigiza wa kikundi cha parokia siku zinazobaki, naaibishwa na kipande cha nyama kisichojaa hata kiganja. Acheni niwaeleze ilivyokuwa, angalau mjue mnachochekea.

Mama mkwe wangu anakaa Kasaji, na miaka michache nyuma alikuja kumwona mjukuu wake wa kwanza. Kwetu mama mkwe ni mtu wa kuheshimiwa hadi unaumwa shingo: humtazami usoni, huli mbele yake, na ukiwa na neno unampitishia mke wako, hata kama mama mwenyewe amekaa pale pale anasikia kila kitu. Na kuku anayepikiwa mkwe lazima afike mezani kamili, shingo, miguu na hasa firigisi, kwa sababu kuku asiye na firigisi ni kama kumwambia mgeni arudi alikotoka. Sasa siku ile nilitoka kazini na njaa kali, nikapitia jikoni nyuma ya nyumba, sufuria iko wazi, hakuna mtu, na mkono wangu (sisemi mimi, nasema mkono) ukaingia ndani. Kugeuka, nani yuko mlangoni? Mama mkwe, na mimi shavu limevimba. Aligeukia ukuta, akajifunika macho kwa pembe ya kitenge chake, akasubiri nipite.

Jioni mashangazi wa mke wangu walipoanza kupekua sahani na kuuliza firigisi imekwenda wapi, mama mkwe akakohoa mara mbili, kama kawaida yake, akajitwika kosa taratibu, "Njo miye. Niliionja kule mu jikoni. Munisamehe."

Tangu siku hiyo familia nzima ilimtania kwa ulafi, mke wangu Béa akiwa wa kwanza, na mimi nilicheka pamoja nao. Ndiyo, nilicheka! Aibu ilikuwa inanichoma, lakini nilicheka.

Basi mwaka jana kikundi kikataka mchezo mpya wa sikukuu ya parokia, na kichwa changu kilikuwa kitupu kabisa. Michezo yangu ya nyuma ilikuwa ya wafalme na wachawi na watu walikuwa wanasinzia mbele yangu bila haya, mpaka katekista akaniita pembeni akaniambia kwa heshima ya kumwita mtu baba, "Tata, andika kitu yenye wewe mwenyewe uliona na macho yako." Nikaona kweli, kumbe nahangaika kutafuta mbali na utajiri ninao nyumbani, nikakaa nikaandika habari ya firigisi. Ila nilipofika pahali pa mwizi, nikasita, nikajiambia kwamba mwanamume mwenye njaa hachekeshi sana, lakini mama mkwe mlafi, ee, hapo ukumbi utapasuka! (Sisi waandishi tukisingizia mtu tunaita kunogesha mchezo.) Nikamwandika vile familia ilivyomjua, pamoja na kukohoa kwake na kilemba chake cheupe, nikabadili jina la mji tu. Nilijiona fundi.

Siku yenyewe ikafika, ukumbi umejaa, na Papy, kijana mchimbaji aliyepewa nafasi ya mkwe mwanamume, akapiga simu kwamba kule kwenye machimbo ya Mashamba wamekuta mawe mazuri na haachi shimo lake kwa sababu ya teatri. Haidhuru, nikasema, maneno ni yangu, nitayasema mimi. Nafasi ya mama mkwe alikuwa nayo Freddy, dereva wa teksi mwenye tumbo kubwa, amejifunga kitenge na kilemba cheupe, anachekesha hata kabla ya kufungua mdomo. Na kuku alikuwa kuku wa kweli, amepikwa na Béa, kwa sababu mimi mwandishi mkubwa nilikataa kabisa kuku wa karatasi.

Pazia likafunguliwa, nikaingia na sufuria yangu, nikaiweka mezani, nikainua macho kuwasalimu watu. Mstari wa mbele, kando ya Béa anayetabasamu, amekaa mama mkwe. Béa alikuwa amemwita kutoka Kasaji kimya kimya ili anifurahishe, mama naye aje aone kazi ya mkwe wake.

Kwanza niliwapa watu wote mgongo, maana mkwe hatazamwi, nikaanza kusema maneno yangu nikiielekea turubai tuliyotundika iwe ukuta wa jikoni, na watu wakapiga kelele, "Geuka! Hatusikie kitu!" Lakini mgongo haukuwa shida. Shida ni kwamba Freddy alikuwa anakuja kuiba firigisi na kukohoa mara mbili, mbele ya mwanamke aliyebeba kosa langu bila kumwambia mtu. Nikafikiri haraka (kila ninapofikiri haraka kuna mtu anaumia): firigisi isipokuwepo, haitaibiwa. Nikaichomoa, nikakimbilia nyuma ya turubai, nikaitia mdomoni yote nzima, nikaanza kutafuna kwa nguvu zangu zote.

Freddy akaingia, akakohoa mara mbili, ukumbi ukalipuka, akazamisha mkono sufuriani. Akatafuta. Akatafuta tena. Maskini hakujua afanye nini, akawageukia watu kama ndugu zake akauliza, "Banduku, nani alikula firigisi yangu?"

"Iko nyuma ya bashi!" ukumbi wote ukamjibu. "Tulimuona! Vuta bashi!"

Freddy, mtu wa kusikiliza watu wake, akaivuta ile turubai, ikaanguka na kamba zake zote, na mimi huyo mbele ya parokia nzima, shavu limevimba, siwezi kumeza, siwezi kutema. Macho yakaniponyoka yakaenda kwa mama mkwe. Alikuwa amekwisha kugeukia ukuta na kujifunika kwa pembe ya kitenge chake, kama siku ile ya jikoni, wala hakuwa anaigiza, ni heshima tu ilimwinua mkono. Béa akamtazama mama yake aliyejificha, akanitazama mimi na shavu langu, akaelewa, akasimama.

"Alors njo weye!" alipaza sauti akininyooshea kidole. "Siku zote tunachekaka mama, kumbe njo weye!"

Watu wakapiga makofi, wakidhani Béa yumo mchezoni. Hapo ndipo firigisi iliponikaba kweli, na Freddy akanipiga mgongoni mpaka nikaitema karibu na miguu ya padri, na makofi yakaongezeka.

Kesho yake mama mkwe alikuwa anarudi Kasaji. Nilibeba mizigo yake mpaka kwenye gari nikiwa nyuma, mbali kidogo, kichwa chini. Béa, ambaye alikuwa bado hasemi na mimi, alinong'onezwa kitu, akaja kunifikishia kwa uso mkavu. "Mama anasema usiache kuandika. Lakini siku utaandika juu yake, andika vile alinyamaza."

Nilitaka kumwomba msamaha kwa mdomo wangu mwenyewe na desturi ikanikataza, nikabaki pale barabarani na machozi ya mtu mzima. Utamu wote wa ule mchezo ulikuwa kwa huyo mama aliyenyamaza, na mimi nilimpa kilemba na kikohozi! Nimeapa sitamvisha mtu kosa langu tena ili watu wacheke. Siku hizi kila mchezo wangu una mjinga mmoja ndani, na nikiuliza nani atachukua nafasi yake, kikundi kizima kinanitazama mimi.