Machela katika Njia ya Wapagazi

Njia hiyo sasa imemezwa na vichaka, na wanaoisimulia sana ni wale ambao hawakuipita. Ilianzia ukingo wa kaskazini wa uwanda wa Makonde, upande wa Newala, ikashuka genge, ule ukuta wa mwamba, ndani ya msitu na kutokea kwenye mikorosho ya Chiwata. Wapagazi waliikanyaga enzi ya Wajerumani, wakiwa wamebeba mizigo ya vita visivyokuwa vyao. Hilo silisemi kwa kusikia. Babu yangu alikuwa mmoja wao, na bega lake la kulia, lililoota sugu ngumu kama kisigino, niliwahi kuligusa kwa mkono wangu.

Mimi niliipita mara moja tu, katika miaka ile ambapo vita vya Msumbiji vilikuwa ng'ambo ya Ruvuma na vijiji vyetu vilikuwa vikihamishiwa kandokando ya barabara. Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi huko juu, mgeni kutoka Masasi. Mke wangu alikuwa ameshikwa na uchungu tangu jana yake. Asubuhi mkunga alitoka nje akifuta mikono, akaniambia bila kunitazama:

"Mwalimu, mtoto amekingama. Mimi nimefika mwisho wangu. Tumpeleke Ndanda, hospitali ya misheni, leo hii. Tukikawia tutawazika wote wawili."

Lori pekee la karibu lilikuwa limekwenda kusomba watu na vyombo vyao kuwapeleka katika kijiji kipya cha ujamaa. Barabara ilizunguka mno kwa mtu wa miguu. Ilibaki njia ya wapagazi, kwani Chiwata kulikuwa na gari la ushirika.

"Ile njia imefukiwa mabomu," majirani walisema.

"Nani ameyaona?"

"Wanasema, Mwalimu."

"Wanaosema ni nani?"

Nilimfuata kila msemaji hadi kwa aliyemwambia, nikarudishwa kwa mwingine, mpaka nikajikuta tena mbele ya yule wa kwanza. Mpaka wa nchi ulikuwa mbali, kusini. Sikuona sababu ya mtu yeyote kufukia bomu kaskazini. Hata hivyo, kutoamini uvumi hakukuniondolea woga. Kichwa changu kilikuwa na hoja zake, lakini nyayo zangu hazikuzisikiliza.

Majirani wanne walifunga blanketi kwenye mwanzi mnene, tukamlaza mke wangu humo. Mkunga alifuata nyuma.

"Nyie watu wa Masasi bwana," alisema mbebaji wa mbele, mtani wangu wa siku nyingi, "mnabeba vitabu tu, wake zenu mnatubebesha sisi."

"Chunga miguu yako," nilimjibu.

"Naichunga, Mwalimu. Ninayo miwili tu."

Kiangazi kilikuwa kimemwaga majani makavu njiani hata udongo usionekane, na kila jani lililovunjika chini ya mguu lilinikaza shingo. Wabebaji walikanyaga pale pale alipokanyaga wa mbele. Tulipita mti wenye panda iliyolainika kama mpini wa jembe, mahali wapagazi walipoegesha mizigo yao ili wapumue. Sisi hatukuegesha. Kila uchungu ulipopanda, mke wangu alipiga kelele, na msitu ulizirudisha kutoka pande tusizozijua.

Kisha mbebaji wa mbele akasimama ghafla. Tawi bichi lilikuwa limelazwa kukingama njia.

Tawi la namna hiyo halirukwi. Mtu amelikata, mtu amelilaza, na maana yake ni kwamba mbele kumefungwa. Huo haukuwa uvumi. Ule mkato wa panga niliuona mwenyewe, bado unatoka utomvu. Nikawaza mabomu.

"Hodi!" aliita mbebaji.

Akaita tena. Mzee mmoja akatokea kwenye miti, mwili wake umepakwa unga, panga mkononi. Tukamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba kwa sauti ndogo. Hapo nikaelewa: mbele yetu palikuwa na kumbi la jando, kambi ya wavulana wanaotahiriwa, na njia ya wapagazi ilipita ubavuni mwake. Wakati wa jando mwanamke hakaribii kumbi.

"Rudini," alisema.

"Baba, huyu akirudi atakufa," nilisema. "Na pembeni ni korongo, machela haipiti."

Aliisogelea machela. "Njia hii ni ya wapagazi. Kinachobebwa begani ni mzigo, na mzigo sikuwekewa hapa kuuzuia. Mfunikeni kichwa hadi miguu. Lakini mzigo haulii. Ukilia, mtarudi naye." Akamnyooshea mkunga panga. "Na huyu anatembea kwa miguu yake. Arudi."

Mkunga hakubishana. Alivua kanga ya mabegani, akaikunja, akamtia mke wangu mdomoni. "Ng'ata, mama. Ng'ata kama unamng'ata yeye," alisema, akinionyesha kwa kidevu. Kisha akageuka.

Tukamfunika, tukaingia.

Nimewahi kusikia ndege za vita zikinguruma upande wa Ruvuma. Hazikunitisha kama kimya kile. Mke wangu, aliyekuwa akipiga kelele tangu genge, hakutoa hata mguno. Nililikazia macho blanketi nione kama linapanda na kushuka, lakini kila hatua ya wabebaji ililitikisa, nisijue lipi ni mwendo wao na lipi ni pumzi yake. Nilinyoosha mkono.

"Mwalimu!" mtani wangu alininong'oneza kwa ukali. "Mkono!"

Mzee alikuwa nyuma yetu, akitazama. Nikaurudisha. Tone la damu likaanguka juu ya jani kavu, nalo nikalisikia. Sikuwa na ushahidi wowote kwamba ninafuatana na mtu aliye hai, na sikuruhusiwa kuutafuta.

Tulifika kwenye tawi la pili. Mzee akapita mbele, akaliondoa, akatupisha, akalirudisha. Mtani wangu alihesabu miti michache, kisha akasema, "Sasa."

Nikafunua. Macho yake yalikuwa wazi, mekundu, yamenikodolea kwa hasira. Akaitoa kanga mdomoni.

"Naruhusiwa?"

"Unaruhusiwa."

Alipiga ukelele, na wale wanaume wanne wakaanza kukimbia.

Gari la ushirika likatuchukua Chiwata; Ndanda walimpasua jioni ile, na binti yetu akatoka mzima. Wapo wanaosema hadi leo kwamba mke wangu alinyamaza kwa sababu alikuwa amezimia. Nimeshaambiwa hivyo hata na watu waliozaliwa baadaye. Siwabishii kwa maneno. Naitoa kanga sandukuni, naikunjua kwenye mwanga, na kuwaachia wayatazame wenyewe matundu ya meno, yaliyopenya kila mkunjo.