Gwanda la Obeid

Hadi anakufa, Liberatus Kihwele hakuacha kunusa nguo. Mgeni akivua koti nyumbani kwake Ilomba, yeye alilipokea kwa mikono miwili kana kwamba analitafutia msumari, na kabla halijafika msumarini lilikuwa limeshapita puani. Bintiye Yudith alikua na aibu hiyo. Akiwa msichana aliomba wageni waje wakati wa joto, wabaki na mashati tu. Baba yake hakuona kosa. Alisema mtu anaweza kukudanganya nguo ameitoa wapi, lakini nguo yenyewe haina uwezo huo. Iliyokaa darini juu ya meko hunuka moshi, ya sandukuni hunuka kafuri, na iliyoshinda mwilini mwa mtu mwenye hofu ina harufu ambayo sabuni haiitoi.

Alikuwa fundi wa mabehewa katika karakana ya reli, mtu wa grisi na nyundo. Alipostaafu watu walidhani atafuga kuku. Akafuga magwanda. Mapenzi yenyewe yalikuwa ya zamani, ila sasa yalijaza chumba kizima: makoti mazito ya majeshi ya Ulaya yaliyokuja na marobota ya mitumba, kofia ambazo wazee wa milimani walirudi nazo kutoka vita vya Burma, chupa za maji za bati, mikanda ya risasi isiyo na risasi, buti moja moja zilizopoteza wenzao. Kofia ya chuma aliikuta Mafinga ikinyweshewa kuku maji. Akampa mwenye kuku beseni jipya la plastiki, na mwenye kuku akamcheka hadi barabarani. Wauza mitumba wa mjini walimwita Jenerali Mitumba. "Jenerali, leo kuna la Kijerumani," walimpigia kelele, "vifungo vyote vipo, njoo unuse." Naye alikwenda, akanusa.

Alikuwa na sheria moja tu katika chumba kile: nguo ya vita haikatwi. Haipunguzwi mikono ili imkae mtu, haibadilishwi vifungo, haitiwi kiraka kipya.

Kila Julai, mpunga ukishavunwa Ubaruku na majaruba yamekauka, alipakia magunia yake kwenye lori linalokwenda kubeba mchele, akaenda kuwavika vijana wa huko. Walicheza Vita vya Kagera kuanzia uvamizi hadi ushindi. Bunduki zilikuwa za mbao, na matuta ya majaruba ndiyo yalikuwa mahandaki. Watoto wa shule na mama zao walikaa kwenye vilima vya pumba karibu na mashine ya kukoboa, wakatazama. Kazi ngumu ilikuwa kumpata adui, kwani hakuna kijana aliyetaka kuuawa mbele ya mchumba wake. Ikabidi maadui walishwe wali kwa kuku na mashujaa wale maharage, mpaka mwaka mmoja mashujaa wakagoma.

Mwisho wa mchezo, wengine wote wakiwa wameshatoka uwanjani, kijana mmoja alivuka majaruba polepole kutoka upande wa adui kurudi nyumbani. Alivaa gwanda la kijani lililopauka mabegani. Jina lililotajwa kwenye kipaza sauti lilikuwa Obeid, na hapo Liberatus, ambaye siku nzima alikuwa akifokea watu kuhusu mikanda na vifungo, aligeukia upande mwingine.

Obeid na Liberatus walizaliwa kijiji kimoja huko Kilolo, kwenye milima ya Iringa, na vita ilipotangazwa walikwenda pamoja kujiandikisha. Obeid alichukuliwa. Liberatus aliambiwa arudi karakanani, maana mizigo ilikuwa mingi na mafundi wa reli wachache. Vita ikaisha, malori yakarudi na nyimbo, Obeid hakurudi. Mwenzake wa kikosi alileta gwanda lake la akiba na sahani ya bati. Kaburi hakuna aliyeweza kulionyesha.

Mama yake Obeid, Faustina, hakuwa na mtoto mwingine. Alilitunza gwanda lile miaka mingi, na macho yalipoanza kumwishia akamwita Liberatus, akamkabidhi kwa masharti. Livaliwe kila mwaka na kijana mwenye afya, livuke uwanja, lirudi. Na siku atakayokufa yeye, aletewe, alazwe nalo jenezani.

"Nilizaa mmoja," alisema. "Sitaki kulala peke yangu."

Yudith alikuwepo, amekaa mlangoni akimenya viazi. Alimwona baba yake, mtu mzima mwenye wajukuu, akipiga magoti kwenye sakafu ya udongo na kuapa.

Kisha mwaka mmoja, majira ya baridi yakielekea ukingoni, likaja tangazo. Redio, simu na magari ya vipaza sauti yote yalisema jambo moja: raia yeyote mwenye vazi la jeshi, au linalofanana na la jeshi, alisalimishe ndani ya siku chache; atakayekutwa nalo baada ya hapo atashtakiwa. Sheria yenyewe ilikuwepo siku zote. Kilichokwisha ni kufumbiwa macho.

Liberatus hakuwa mtu wa kubishana na serikali. Alikunja kila kitu, akapanga kwa saizi, akakodi guta la mizigo, akatembea nalo hadi ofisi ya kata na Yudith pembeni yake. Mtendaji alipoliona guta alisimama.

"Mzee, unasalimisha nguo au unasalimisha nchi?"

Foleni nzima ikacheka, na Liberatus akacheka kidogo pamoja nao, kwa adabu. Halafu akauliza kama nguo ya marehemu, iliyowekwa kwa ajili ya mazishi, inaweza kuombewa ruhusa. Mtendaji alilisoma tangazo upya, akajibu kwa upole kwamba halikubagua walio hai na waliokufa, na kama analo na hilo alilete. Liberatus akasema yote ameshayaleta. Yudith hakuwahi kumsikia baba yake akisema uongo kabla ya hapo. Alimwona ameshika ukingo wa meza kama mtu anayevuka daraja la miti.

Yudith alikuwa mwalimu wa serikali, na alijua kwamba anayeishi nyumba moja na kosa hula nalo sahani moja. Alimpigia simu Jailos, mpwa wa Mama Faustina aliyekuwa akimtunza, aje alichukue gwanda. Jailos akasema hata yeye ana watoto, na kitu hicho hakitavuka kizingiti chake hadi siku ya jeneza. Basi gwanda likalala Ilomba, ndani ya gunia la mahindi, na Yudith akawa akisikia pikipiki imesimama nje, anachungulia dirishani.

Mwezi haukuisha. Jailos alipiga simu asubuhi moja kusema mama amepumzika, na mazishi ni kesho yake alasiri.

Yudith alichukua mkasi. Alimwomba baba yake wakate mfuko mmoja tu wa kifuani. Kipande cha kitambaa hakiwezi kumfunga mtu. Angekichomeka ndani ya Biblia, kingefika, mama angelala nacho. Alizungumza kwa muda mrefu, kwa sauti anayotumia kwa mtoto mgumu wa hesabu, na kila alichosema kilikuwa sahihi. Baba yake alimsikiliza hadi mwisho.

"Mwanao akirudi kutoka vitani, mama," alimuuliza Yudith, "utampokea kipande?"

Akalivaa gwanda zima mwilini, juu yake akafunga koti lake jeusi la kanisani, vifungo vyote hadi shingoni. Walipanda basi la alfajiri.

Igawa walipita salama. Makambako walipita, wakanunua chai, na Liberatus akaanza kuzungumza kwa mara ya kwanza tangu nyumbani, akimweleza Yudith jinsi Mama Faustina alivyowahi kuwachapa yeye na Obeid kwa fimbo moja kwa kosa la mbuzi wa jirani. Mbele kidogo ya mji palikuwa na kizuizi. Askari walikuwa wakitafuta wahamiaji wasio na vibali, kama kawaida ya barabara ile, na abiria wote wakashushwa. Upepo ulikuwa mkali, kila mtu amejikunyata, ila mzee mmoja tu alikuwa akitokwa jasho.

Askari aliyemsogelea alikuwa kijana. Alimwamkia kwanza, akamuuliza kama anaumwa, akamwomba afungue koti apate hewa. Liberatus hakusogeza mkono. Kijana akamfungulia mwenyewe, kifungo kimoja, viwili, akasimama.

"Mzee wangu, wewe ni askari mstaafu?"

Aliuliza kama mtu anayemfungulia mwenzake mlango wa nyuma. Yudith alimbana baba yake kiwiko. Neno moja lingetosha, na kijana yule alionekana anataka kulisikia.

"Hapana, mwanangu. Mimi ni fundi wa mabehewa."

"Sasa hili?"

"Ni la Obeid. Anakwenda kwa mama yake."

"Obeid yuko wapi?"

Liberatus akaweka kiganja kifuani, juu ya mfuko. Mama mmoja aliyekuwa amebeba kuku akasonya, akasema babu wa watu kachanganyikiwa, wamwache safari iendelee. Lakini mkubwa wa kizuizi alikuwa ameshawasogelea, na yeye hakuuliza kwa namna ile. Basi liliondoka bila wao.

Walipokuwa wamekaa kwenye benchi la kituo cha polisi cha Makambako wakisubiri maelezo yaandikwe, Yudith alishindwa kujizuia. Alimuuliza kwa nini hakuitikia. Miaka yote hiyo ya kuwavika watu uaskari, kukubali mara moja tu kungempunguzia nini?

"Wale wa Ubaruku wanajua ni mchezo," alisema. "Obeid alichukuliwa, mimi nikarudishwa. Hata hilo nimnyang'anye?"

Wakamvua gwanda, likaandikwa, likawa kielelezo cha kesi. Jailos alipiga simu mara kadhaa. Mara ya mwisho alisema padre ana maziko mengine ng'ambo ya bonde, watu wameshaimba nyimbo zote wanazozijua, na jeneza litafungwa. Yudith aliitikia kwa niaba ya baba yake, maana yeye alikataa kuipokea simu.

Kesho yake Liberatus aliachiwa kwa dhamana. Kesi iliahirishwa, ikaahirishwa tena, hatimaye kwa sababu ya umri wake akapewa onyo. Yudith alipouliza habari ya gwanda, aliambiwa yaliyokusanywa yote yameshachomwa. Hakujua atalifikishaje neno hilo nyumbani. Alipofika, baba yake alimtazama usoni, akaendelea kumenya muwa.

Kilolo hakwenda. Yudith alimbembeleza waende tu wakatoe pole, wawashe hata mshumaa. Mzee alisema hawezi kusimama pale mikono mitupu. Chumba cha magwanda kilibaki na misumari ukutani, naye akazoea kukaa humo mchana, mlango wazi, bila kufanya kitu. Julai iliyofuata Ubaruku hawakucheza. Mvua zilipoanza akaanza kuvimba miguu, kisha pumzi ikawa fupi, na daktari akasema moyo umechoka.

Mwezi wa kwanza Jailos alitoa taarifa kwamba wanajengea kaburi la Mama Faustina na kutakuwa na misa. Mtu wa familia alipaswa kwenda. Yudith alimwachia mdogo wake zamu ya kumuuguza mzee, akafunga mkoba. Alikuwa bado Kilolo, saruji haijakauka, alipopigiwa simu kwamba baba yake amekwisha kuondoka.

Kwa hiyo walichozungumza asubuhi ya safari ndicho kikabaki cha mwisho. Hakikuwa cha kuaga. Yudith aliingia kumweleza kwamba bodaboda imefika, akainama kumfunika vizuri, akamuuliza ana salamu gani kwa watu wa kule.

"Waambie nilifika Makambako."