Swali Lako Limefika

Mimi ni mtu wa hasira, na wanaonijua hapa Mkomani hawatashangaa nikianza kwa hasira. Ila ya safari hii ni yangu juu yangu mwenyewe, na hiyo haimezeki.

Mwaka mmoja kabla ya uchaguzi alinijia bwana wa kompyuta kutoka bara na roboti yake. Si ya chuma, wala haina miguu. Ni programu tu, inakaa ndani ya makundi ya kina mama kwenye simu na kutuma masomo yenyewe kila asubuhi: katiba inasema nini, diwani kazi yake ni ipi, wananchi waombwe maoni vipi kabla bajeti haijapita. Ilisoma kwa sauti ya mtambo, Kiswahili cha taarifa ya habari. Nikacheka mpaka nikashika mbavu. "Bwana, kina mama wa kisiwa cha Pate wataisikiliza hii mara moja, ya pili wataifuta." Akauliza, basi nani awasomee? Mdomo uliponza kichwa, nami nikajibu: mimi.

Nikarekodi. Sikusema nchi, nilisema nti. Sikusema njia, nilisema ndia. Kila somo nililianza kwa salamu kamili, nikauliza watoto na wagonjwa, kama mtu aliyepita barazani. Na ilifanya kazi, wallahi! Huko Faza kina mama waliingia kwenye mkutano wa bajeti wakapewa makaratasi ya Kiingereza, wakakataa kuondoka hadi yasomwe kwa Kiswahili. Niliposikia, kichwa kilinivimba wiki nzima.

Lakini kina mama walianza kujibu. Kwetu ukisalimiwa unaitikia, na ukishaitikia unaeleza shida yako. Wakaipelekea roboti sauti zao, roboti ikawa kimya. Nikaona haya. Mtu akuulize nawe umnyamazie, adabu ya wapi hiyo? Nikamwambia yule bwana anirekodi kijisentensi kimoja, kiwe kinatumwa chenyewe kwa kila anayeuliza: "Swali lako limefika, mama yangu. Ningoje, nitakujibu."

"Dada, na atajibu nani?"

"Tutapanga," nikasema. Hatukupanga. Yeye akadhani nasikiliza mimi, mimi nikadhani anasikiliza yeye.

Miezi ikapita. Siku moja baada ya adhuhuri nilikuwa kwake, akinionyesha jinsi masomo yanavyosambaa. Kwenye kioo cha simu yake ya kazi nikaona safu ndefu ya jumbe za sauti, hakuna hata mmoja uliofunguliwa.

"Hizi nini?"

"Za kina mama. Si ni wewe unayezisikiliza?"

Ya Rabbi! Nilimfokea yule bwana, nikamwita majina ambayo siyaandiki hapa, na yote yalinistahili mimi. Kisha nikaichukua ile simu ya kazi, nikaenda nayo nyumbani, nikaanza kusikiliza.

Nyingi zilikuwa salamu na dua. Halafu nikamfikia mama mmoja wa Kizingitini, mtu mzima, msemo wake wa taratibu. Binti yake amepata nafasi chuo cha ualimu, lakini hapokewi bila kitambulisho. Watu wa usajili wameweka meza yao pale kijijini kwa wiki mbili, wataondoka. Cheti cha kuzaliwa cha binti kiliungua pamoja na nyumba. "Sasa mwanangu, wewe mwenye kuijua sheria, niambie. Aende vivyo hivyo, au tutafute cheti kwanza? Nachelea asije akafukuzwa mbele za watu." Chini yake nikaisikia sauti yangu mwenyewe: swali lako limefika, mama yangu. Ningoje, nitakujibu.

Siku ya nne alituma tena. "Mwanangu, bado nakungoja. Najua watu wako ni wengi." Nikajisikia tena, tamu vile vile, neno kwa neno.

Ujumbe wake wa tatu ulikuwa mfupi. "Leo wameondoa meza. Majirani wasio na vyeti walikwenda na barua ya chifu, wakaandikwa. Wangu nilimzuia, kwa kuwa ulisema nikungoje." Hakulia. Afadhali angelia. Nami nikamwambia, kwa mara ya tatu, kwamba limefika.

Nikalia mimi. Jibu nililijua! Aende, achukue barua ya chifu, asisubiri. Lingenichukua pumzi moja.

Nilimpigia alasiri ile mpaka magharibi, simu yake haikupatikana. Yule bwana nilimwamuru aking'oe kile kijisentensi, akakiondoa. Masomo akayaacha yaendelee, kwa kuwa hayana kosa, alisema, na sikuwa na nguvu ya kubishana. Asubuhi nikapanda boti ya Faza. Tumekaa tumebanana, mara simu ya mama aliyekuwa ubavuni mwangu ikaanza kuongea. Ni mimi, nasalimu, nauliza watoto na wagonjwa. Yule mama akaitikia salamu kwa heshima zote, akaiegemeza simu sikioni. Nilivuta buibui mpaka usoni, nisiulizwe kitu.

Kutoka Faza nikachukua pikipiki hadi Kizingitini. Njia nzima napanga maneno: kwamba nimeshauliza habari za usajili, kwamba nitampeleka binti mwenyewe akaandikwe, kwamba chuo kimeshafunga milango lakini na mwakani kitafungua. Upuuzi mtupu. Msichana atabaki nyumbani mwaka mzima, wenzake wako darasani, mimi namletea mwakani.

Nyumba nilionyeshwa na muuza samaki. Mlango ulikuwa wazi, pazia limeshushwa, ndani mtu anakuna nazi. Yale maneno niliyoyapanga yote yakanitoka kichwani, nikashika ninachokijua.

"Hodi! Assalaam alaykum, mama yangu. Hamjambo? Watoto wazima?"

Mbuzi ya nazi ikanyamaza. Nikangoja niitikiwe, sikuitikiwa.

"Mwanangu," ule msemo wa taratibu ukatoka nyuma ya pazia, "izime simu hiyo. Sitaki kumsikia."

"Mama," binti akajibu, "simu imezimwa tangu jana."