Suruali ya Nyoosha na Mgeni wa Manispaa

Mtaani kwetu kuna mpiga pasi anayeitwa Nyoosha. Mama yake alimpa jina jingine, lakini lilikaa bila kutumika mpaka likashika kutu, na sasa hata yeye mwenyewe akiitwa kwa jina hilo anageuka kutazama nani anaitwa.

Alipiga pasi ya mkaa tangu ndevu hazijamwota. Meza yake iko dirishani, ndani ya chumba chake kimoja, na wapita njia walizoea kuona mkono wake ukienda na kurudi kama mtu anayebembeleza mtoto. Mstari aliouweka kwenye suruali ulikuwa mkali hata nzi hakuweza kutua. Akitua, anateleza upande huu au upande ule. Kuna bwana harusi mmoja alinyooshewa na Nyoosha, akaogopa kukaa siku nzima asije akauharibu mstari. Ndoa ikafungwa amesimama, akala amesimama, na picha zote amesimama. Asiyeamini akamuulize bibi harusi, yu hai, ingawa analalamika kwamba siku hizi mumewe anakaa mno.

Kisha bega la kulia likagoma. Hospitali walilipaka dawa, wakalichua, wakamwambia vitu vizito basi. Pasi ya mkaa ni kitu kizito. Akajaribu mkono wa kushoto, akaliunguza gauni la mke wa diwani mahali pale pale pa kukalia. Baada ya hapo wateja wakahamia kwa dobi mwenye mashine, mtaa wa pili. Nyoosha akabaki na meza, na dirisha, na kodi ya chumba iliyoanza kumshinda.

Lakini yeye mwenyewe hakuchakaa. Kila akitoka, suruali imenyooka vile vile. Tukimuuliza, anasema, "Za watu bega linakataa. Yangu linakubali." Tukaridhika na jibu hilo, maana bega ni lake.

Binti yake ameolewa mji mwingine. Mkwewe akatuma salamu: mzee aache chumba, aje waishi wote. Mkwe si mtu mbaya. Shida ni kwamba kitanda cha mzee kingewekwa sebuleni, na mkwe huyo ana tabia ya kupita sebuleni kila asubuhi na taulo kiunoni, tena taulo dogo.

"Mimi na mkwe wangu kwenye taulo!" Nyoosha alisema. "Kila siku ya Mungu! Nitaangalia wapi?"

"Angalia dari," kinyozi wa mtaani akamwambia.

"Na akinipa mkono, taulo atalishika na nini?"

Ndipo kinyozi akamweleza kwamba manispaa inawapa posho ya kujikimu watu wasio na kipato, na kwamba posho hiyo ingetosha kodi na chakula. Akiipata, anabaki chumbani kwake. Akiikosa, ni sebuleni kwenye taulo.

Nyoosha akaenda. Karani wa dirishani akamtazama kuanzia kola mpaka viatu.

"Shikamoo mzee. Umemleta nani?"

"Marahaba. Nimejileta."

"Mwombaji ni wewe? Mzee, mbona umependeza kuliko mkurugenzi wetu?"

"Mkurugenzi anapigiwa pasi na nani?"

"Sijui."

"Basi usimlaumu."

Karani akacheka, akamwandika, ila akamwambia ukweli: kwa mavazi hayo lazima afisa ustawi wa jamii aende nyumbani akaone mwenyewe anavyoishi. Angefika asubuhi, siku ya Alhamisi.

Habari ilipofika mtaani, mama muuza mkaa alishika kichwa. "Serikali inakuja, halafu ikae kwenye ndoo? Mtaa mzima tutaitwaje?"

Hapo kila mtu akaenda kwake na kurudi amebeba kitu. Muuza mkaa alileta godoro nene la bintiye muuguzi, akalitandika juu ya kigodoro cha Nyoosha, ambacho kilikuwa chembamba hata ukikinyanyua unaona jirani upande wa pili. Fundi redio akaleta televisheni kubwa ya kibandani kwake. Kinyozi akang'oa kiti chake cha kazi, kile cha kuzunguka. Mimi nikaleta zulia na chupa ya chai. Chumba kikang'aa mpaka jogoo wa jirani akawika mara ya pili akidhani kumekucha tena. Hakuna hata mmoja wetu aliyejiuliza mgeni anakuja kutafuta nini. Sisi tulijua tu kwamba mgeni anakuja.

Asubuhi ikapita, afisa hajatokea. Adhuhuri ikapita. Alifika alasiri, binti mwembamba mwenye mkoba na kola iliyokunjamana kama imetafunwa na mbuzi. Nyoosha alipoiona kola ile, vidole vikamcheza. Akamkaribisha kwenye kiti cha kinyozi. Binti akakaa, kiti kikamzungusha akatazama ukuta, akajirudisha kwa mguu. Mimi nilikuwa pembeni namimina chai, nikijifanya shangazi wa familia. Nje ya mlango walikuwa wamesimama nusu ya mtaa.

Afisa akatazama televisheni. Akatazama zulia. Akalibonyeza godoro kwa kidole, kidole kikazama.

"Baba, unaishi vizuri."

"Tunamshukuru Mungu," Nyoosha akasema, na mlangoni watu wakaitikia kwa furaha.

"Na kazi ya pasi, bado unaifanya?"

Neno moja tu lilitakiwa hapo. Lakini mlangoni alikuwepo kinyozi, alikuwepo fundi redio, na nyuma yao, nasikia, alikuwepo dobi wa mashine aliyekuja kutega sikio. Fundi hawezi kusema mbele ya mafundi kwamba ameishiwa.

"Naifanya kidogo kidogo."

"Hiyo suruali umeipiga pasi lini?"

"Jana."

"Kwa mkono wako mwenyewe?"

"Wa nani tena, mwanangu?"

Kalamu ya afisa ikaanza kwenda, na haikuwa inakwenda upande wetu. Nikamkanyaga Nyoosha mguu. Akausogeza.

Sasa vile vitu viliazimwa kwa asubuhi, na jua lilikuwa linashuka. Wa kwanza kuingia ni fundi redio, na jasho limemtoka. "Samahani sana, dada. Mpira unaanza, na watu wameshalipa kiingilio." Akachomoa waya, akaikumbatia televisheni kama mgonjwa, akatoka.

Afisa akanyanyua macho. "Televisheni si yako, baba?"

Kabla Nyoosha hajajibu, akaingia kinyozi akimvuta mteja aliyekuwa amemwacha amenyolewa nusu ya kichwa.

"Dada, nisamehe, nahitaji hicho ulichokalia. Huyu bwana ameshindwa kutulia kwenye kreti."

"Naenda ukweni jioni hii," yule bwana akasema. "Siwezi kwenda hivi."

Afisa akamtazama kichwa, akaona kweli hawezi, akasimama. Kiti kikatoka kikizunguka.

Wa mwisho alikuwa mama muuza mkaa. "Mwanangu anaingia zamu ya usiku, hajalala tangu jana," alisema, na bila kungoja jibu akashika pembe ya godoro, akavuta kama anavyovuta magunia yake. Godoro likaja. Na kwa vile alivuta kwa hasira, kigodoro cha Nyoosha nacho kikaja.

Juu ya mbao za kitanda, katikati ya makaratasi mawili ya boksi, ilikuwa imelala suruali ya pili ya Nyoosha. Imenyooka, mguu juu ya mguu, kama maiti mwenye adabu.

Kisha kinyozi, aliyekuwa bado kizingitini na kiti chake, akapaza sauti: "Nyoosha! Kumbe unailalia!"

Mtaa ukacheka mpaka bati likatikisika, na dobi wa mashine alicheka kuwashinda wote. Nyoosha akatazama dirisha. Hakujua namna ya kuwatazama watu wakimcheka, maana hakuwahi kuchekwa.

Afisa peke yake hakucheka. Akainama, akanyanyua boksi, akapitisha kidole kwenye mstari.

"Unafanyaje?"

"Naimwagia maji kidogo," Nyoosha akasema polepole. "Naitandika. Nalala chali, sigeuki. Nikigeuka, mstari unapinda."

"Mpaka asubuhi?"

"Mpaka asubuhi."

"Na pasi?"

Pasi ilikuwa juu ya meza, baridi, ndani yake buibui ameshajijengea. Afisa akaiona, akamgeukia.

"Baba, nakuuliza tena, nijibu mimi, siyo hao wa mlangoni. Kazi ya pasi unafanya?"

Nyoosha alishika bega lake.

"Sifanyi," akasema. "Bega limekufa."

Afisa akakata alichoandika, akaandika upya amesimama, karatasi juu ya meza ya pasi. Alipoondoka, Nyoosha alimsindikiza mpaka njiani, akashindwa kujizuia. "Mwanangu, hiyo kola, usiku iweke chini ya mto."

Posho ilikubaliwa. Siku ya kwanza ya kuichukua tulimshauri aende amekunjamana kidogo, kwa usalama. Akatutazama kama tumemtukana mama yake. Akaenda amenyooka, na mlinzi wa mlangoni akamwelekeza kwenye foleni ya wafanyakazi.

Dobi wa mashine siku hizi hana kazi, umeme ukatike au urudi, maana mtaa mzima umejifunza. Wanaume wote wanalala chali juu ya suruali zao, na mkoromo unaotoka hapo uliwahi kung'oa bango la kinyozi. Nyoosha anakoroma pamoja nao, chumbani kwake, meza iko dirishani.

Mkwewe alikuja kumjulia hali mara moja. Alivaa suruali.