Droo ya Dashibodi

Saa kumi na mbili kasorobo asubuhi, Darlene Wozniak analizunguka basi lake la manjano kwenye yadi mjini Toledo, Ohio, akiyapiga teke magurudumu moja baada ya jingine. Ana miaka sitini na moja. Kwa miaka ishirini na saba amewapeleka shule watoto wa watu, kwa sasa hamsini na wanane kila asubuhi, na hajawahi kugonga hata pipa la taka.

Ndiyo maana familia ilimwachia yeye kumfundisha udereva mjukuu wake Isaiah, mwenye miaka kumi na sita. Mama wa kijana, binti yake Darlene, ni Mzungu kama yeye. Baba yake, Lamont, ni Mmarekani mweusi.

Darlene alimfundisha yote aliyoyajua, pamoja na adabu ambayo yeye mwenyewe alifunzwa na baba yake utotoni: polisi wakikusimamisha, usimpotezee afande muda. Kabla hajafika dirishani, fungua droo ya dashibodi, toa karatasi za gari.

Jumapili moja, wakila nyama iliyoviringishwa ndani ya majani ya kabichi, Isaiah alilirudia somo hilo kwa fahari. Lamont akaweka uma chini.

"Nani kakufundisha hivyo?"

"Bibi."

"Mama," Lamont akamgeukia mkwewe taratibu, "huyu akiinamia hiyo droo, afande haoni karatasi. Anaona bastola."

"Mbona mimi nimefanya hivyo miaka arobaini?"

"Wewe, sawa. Wewe hata ukitoa nanasi watakusaidia kulimenya."

Meza nzima ilicheka. Darlene naye alicheka, kisha akaenda jikoni akalia.

"Miezi mitatu namfundisha mtoto jambo la kumuua," anasema. "Na nilikuwa namsifu."

Siku hizi Lamont anawafundisha wote wawili, akiwa kiti cha nyuma. Mikono juu ya usukani, vidole wazi. Omba ruhusa, sema unachotaka kufanya, ndipo ufanye. Anayekosea zaidi ni Darlene; mkono wake unaijua droo.

"Bibi, umeshakufa tena," Isaiah humtania.

Mwezi ujao kijana ataanza kuendesha peke yake kwenda kibaruani. Darlene anakiri kwamba anaogopa.

Anapanda basini, anawasha injini. Akiulizwa anamtakia nini mjukuu wake, hafikiri sana.

"Azeeke. Awe babu msahaulifu, wamsimamishe, apekue gari zima akitafuta karatasi, na askari asimame tu pale mpaka miguu imuume."